Mkia wa Mjusi Huota Tena: Je, Mguu wa Binadamu?

Katika nyumba za askari polisi za Nsambya, mjini Kampala, kama katika nyumba nyingi nyingine za mji huo, mjusi kafiri ni mgeni wa kila jioni. Taa ikishawashwa, hutambaa ukutani na darini akiwinda mbu. Mara nyingine paka humrukia, au mtoto humchapa kwa ufagio, na hapo mkia hudondoka sakafuni ukawa unatapatapa peke yake, hali mwenyewe amekwisha kujificha nyuma ya kabati. Majuma machache baadaye mjusi yule yule huonekana tena, na nyuma yake umechipuka mkia mpya, mfupi kidogo na wenye rangi iliyofifia.

Watoto waonao jambo hilo huuliza maswali. Na katika nyumba ambayo baba alirudi kutoka kazini akiwa na mguu mmoja, swali huwa moja tu: ikiwa mkia wa mjusi huota tena, kwa nini mguu wa baba hauoti? Aghalabu mama humnyamazisha mtoto, akidhani kwamba ni utovu wa adabu. Lakini swali hilo si la kipuuzi hata kidogo. Wataalamu wa sayansi wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka 250, na katika miaka ya karibuni wamepata majibu yanayofaa kujulikana katika kila nyumba, hasa nyumba za wale ambao kazi yao ni kuhatarisha viungo vyao kwa ajili ya usalama wa wengine.

Nchi iliyoonja uchungu huo

Uganda imelijua jambo hili kwa uchungu. Vita vya kaskazini, vilivyoanza katika miaka ya 1980 na kutulia mwaka 2006, viliacha mabomu ya kutegwa ardhini katika njia za kwendea mashambani na visimani. Serikali ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku mabomu hayo mwaka 1997, ikauidhinisha mwaka 1999, na mwezi wa Desemba 2012 ikatangaza kwamba nchi imekwisha kusafishwa. Hata hivyo, bomu lililofukuliwa halimrudishii mtu mguu uliokwisha kukatwa. Wanajeshi waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2007 nao walikabiliwa na mabomu ya kando ya barabara. Na mjini Kampala kwenyewe, ajali za boda boda na ugonjwa wa kisukari huwapotezea miguu watu ambao hawajapata kushika bunduki maishani mwao.

Kwa watu hao wote, habari za viungo kuota tena si hadithi ya kupitishia wakati. Mwenye kuzisikia nusu nusu aweza kutumaini mambo yasiyokuwapo, au kuuza shamba ili amlipe mwongo. Mwenye kuzijua vyema hujua ni lipi la kungojea na ni lipi la kufanya leo.

Mjusi ameshindwa na salamanda

Kwanza yafaa kumwelewa mjusi mwenyewe. Mkia wake umeumbwa tayari kwa kukatika: mifupa yake ina mahali palipo dhaifu, na misuli hujibana papo hapo ili damu isimwagike. Mkia unaoota baadaye haufanani na ule wa kwanza, kwa maana ndani yake hamna pingili za mfupa bali mrija wa gegedu, yaani kitu kigumu kiasi lakini chepesi kupindika, kama kile kilichomo ndani ya sikio la mtu. Tena mjusi akikatika mguu, hapati mguu mwingine kamili. Kwa hiyo hata mjusi, ambaye watoto humwonea wivu, uwezo wake una mpaka.

Bingwa wa kazi hii ni salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi lakini ngozi laini kama ya chura. Mwaka 1768 padri na mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwaeleza watu wa Ulaya kwamba salamanda aliyekatwa mguu huotesha mwingine wenye mifupa, misuli na vidole vyake. Jamaa mmoja wa salamanda aitwaye aksolotli, ambaye asili yake ni maziwa ya karibu na Mji wa Mexico, hufugwa leo katika maabara nyingi duniani kwa ajili ya uchunguzi huo. Huyo huotesha mguu, mkia, sehemu ya moyo, na hata sehemu ya uti wa mgongo.

Namna anavyofanya ni ya ajabu. Baada ya mguu kukatwa, ngozi hufunika kidonda upesi, wala hakuna kovu linalofanyika. Chini ya ngozi hiyo seli, yaani zile chembe ndogo hai zinazojenga mwili, hurudi katika hali ya uchanga na kukusanyika pamoja mithili ya chipukizi la mgomba baada ya mgomba kukatwa. Wataalamu huliita chipukizi hilo blastema. Hilo hukua kidogo kidogo na kugawanyika kuwa mfupa, nyama, mishipa ya damu na ngozi. Lakini haliwezi kukua peke yake: mishipa ya fahamu iliyobaki katika kigutu lazima ilifikie, na ikikosekana chipukizi hunyauka.

La ajabu zaidi ni kwamba seli hizo hujua zipo wapi. Mnyama akikatwa penye kiganja, huota kiganja tu. Akikatwa karibu na bega, huota mkono mzima. Mwaka 2025 wachunguzi wa Marekani wakiongozwa na James Monaghan wa Chuo Kikuu cha Northeastern walieleza kwamba seli huongozwa na kiasi cha asidi ya retinoiki, kitu kinachotokana na vitamini A, ambacho huwa kingi karibu na bega na kidogo karibu na vidole. Asidi hiyo imo pia katika mwili wa binadamu, na ndiyo mojawapo ya zinazosaidia kuuunda mkono wa mtoto angali tumboni mwa mama yake.

Panya wa vilima vya Kenya

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba wanyama wanyonyeshao, ambao binadamu ni mmoja wao, hawana uwezo wa namna hiyo. Imani hiyo ilitikiswa na panya mdogo wa Afrika ya Mashariki. Katika vilima vya mawe vya Kenya wapo panya wenye manyoya magumu kama miiba, na ngozi yao hupasuka kwa urahisi mno. Adui akimkamata, panya humwachia kipande cha ngozi mdomoni na kukimbia na roho yake.

Mwaka 2012 mtaalamu Ashley Seifert na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya hao. Waliona kwamba mahali palipobanduka ngozi hapakubaki kovu kubwa, bali ngozi mpya yenye vinyweleo na tezi zake. Walipowatoboa masikio matundu ya upana wa milimita 4, matundu hayo yalizibika kwa ngozi, gegedu na manyoya. Panya wa kawaida waliotobolewa vivyo hivyo walibaki na matundu yao. Ni kweli kwamba panya huyo haoteshi mguu. Lakini ameonyesha kwamba mlango ambao wanyama wanyonyeshao walidhaniwa kufungiwa haukufungwa wote.

Hatua nyingine ilitokana na chura mwenye makucha, ambaye asili yake ni Afrika. Angali kiluwiluwi huweza kuotesha mguu, lakini akishakuwa mkubwa hutoa mwiba mtupu wa gegedu. Mwaka 2022 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani walieleza jinsi walivyofunika kigutu cha chura mkubwa kwa kifuniko chenye mchanganyiko wa dawa 5, kwa muda wa saa 24 tu. Katika miezi 18 iliyofuata uliota mguu wenye mfupa na mishipa ya fahamu, ambao chura aliutumia kuogelea. Haukuwa kamili kama ule wa kwanza, lakini haukuwa mwiba.

Na binadamu je?

Huenda wengi wasijue kwamba mwili wa binadamu nao huotesha baadhi ya vitu. Ini ni mfano mkubwa. Mtu mwenye afya aweza kumpa ndugu yake zaidi ya nusu ya ini lake, na katika miezi michache sehemu iliyobaki kwake na ile aliyoitoa zote mbili hukua hata kukaribia ukubwa unaohitajika. Ngozi ya juu hujibadilisha siku zote, na mfupa uliovunjika huunga.

Mfano wa pili wahusu watoto, na kila mama apaswa kuujua. Mwaka 1974 daktari Cynthia Illingworth, wa hospitali ya watoto ya Sheffield nchini Uingereza, aliandika habari za watoto waliobanwa vidole na milango hata ncha zikakatika. Ikiwa mahali palipokatika pamepita kiungo cha mwisho cha kidole, na kidonda kikasafishwa na kufungwa kwa bandeji bila kushonwa, mara nyingi ncha ya kidole iliota tena pamoja na ukucha wake. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba siri imo katika mzizi wa ukucha: mzizi ukibaki, upo uwezekano, ukipotea wote, uwezekano hupotea nao.

Zipo pia juhudi za kuamsha uwezo uliolala. Mwaka 2024, mjini Kyoto nchini Japani, madaktari walianza kuwajaribu watu dawa iliyokusudiwa kuotesha meno mapya. Jaribio la kwanza la namna hiyo huwa ni la kutazama usalama wa dawa kabla ya mengine, wala si ahadi kwa kila kibogoyo.

Kovu ni mlinzi asiyeondoka zamu

Basi kwa nini mguu wa mtu hauoti? Sababu moja kubwa ni kovu. Mtu akijeruhiwa, mwili huona hatari mbili: damu kumwagika na vijidudu kuingia. Hapo huziba pengo upesi kwa nyuzi ngumu, kama askari wafungao lango la kambi kwa magunia ya mchanga adui anapokaribia. Ulinzi huo umeokoa maisha ya watu wasiohesabika tangu kale. Lakini hatari ikishapita, magunia hayo hayaondolewi. Hubaki pale pale, na chipukizi halipati mahali pa kuanzia. Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, na katika jambo hili sayansi yaafikiana nao.

Yako na mengine. Mguu wa aksolotli mdogo ni mwembamba kama kijiti na huota kwa majuma kadhaa. Mguu wa mtu mzima ni mkubwa mno kulinganishwa na huo, na kwa kawaida huchukua karibu miaka 18 au zaidi tangu mimba hata kufikia kimo chake. Tena seli zinazoamriwa kuzaana kwa wingi zaweza kukataa kusimama, na seli zisizosimama ndizo saratani. Kwa hiyo mtaalamu anayetafuta dawa ya kuotesha mguu hana budi kutafuta pia namna ya kuuamuru usimame ukifika kimo.

Njia ya kupandikiza kiungo cha marehemu nayo ina gharama yake. Mwaka 1998 madaktari mjini Lyon, Ufaransa, walimpandikiza mtu mkono wa marehemu, jambo lililoshangaza ulimwengu. Lakini mwili huukataa mkono wa mgeni, na mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kuutuliza siku zote. Mwaka 2001 mkono huo ulikatwa tena. Wengine waliopandikizwa baadaye wamefanikiwa zaidi, lakini dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi.

Kwa kifupi, hadi leo hakuna mtu yeyote duniani aliyeoteshwa mkono au mguu. Yeyote anayeuza mafuta, sindano, mizizi au maombi kwa ahadi kwamba mguu utaota, anauza uwongo, hata kama amevaa koti jeupe.

Mguu unaopatikana leo

Lakini kungojea bila kufanya kitu ni hasara nyingine. Kampala ina historia ya heshima katika kuwasimamisha watu walioanguka. Katika miaka ya 1960 Dk. Ronald Huckstep, daktari bingwa wa mifupa aliyefanya kazi Mulago na kufundisha Makerere, alikabiliwa na watoto wengi mno waliopoozwa na polio. Hakungoja vyombo vya gharama kutoka ng'ambo. Alibuni vyuma vya miguu na viatu vya mbao ambavyo viliweza kutengenezwa Uganda kwenyewe kwa bei ndogo, na watoto waliokuwa wakitambaa wakasimama.

Kazi hiyo haikukoma. Mulago hadi leo ni mahali pa kutengenezewa viungo vya bandia. Gulu nako kuna karakana iliyowahudumia wengi walioumizwa na vita vya kaskazini. Jeshi lina kituo chake huko Mubende, magharibi ya Kampala, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa vibaya. Katika Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, hospitali ya CoRSU iliyofunguliwa mwaka 2009 hushughulikia watu wenye ulemavu, hasa watoto. Katika miaka ya 2010 mafundi wa hospitali hiyo walishirikiana na wataalamu wa Kanada kujaribu mashine inayojenga kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, ile sehemu ya mguu wa bandia inayoshika kigutu.

Mguu wa bandia wataka subira. Kigutu hubadilika ukubwa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo mguu wa kwanza aghalabu si wa mwisho. Mtoto hukua, naye huhitaji mguu mpya mara kwa mara. Anayeuvaa siku mbili na kuutupa chini ya kitanda kwa sababu unamchubua, yafaa arudi kwa fundi aurekebishe, wala asikate tamaa.

Mambo ya kufanywa nyumbani

Wanaoishi na mtu aliyekatwa kiungo wapaswa kujua kwamba maumivu ya mguu usiokuwapo ni ya kweli. Mgonjwa aweza kulia usiku kwamba vidole vyake vinaungua, hali vidole hivyo vilizikwa zamani. Daktari wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliyewatibu askari vitani, aliyaandika maumivu hayo tangu karne ya 16. Huyo si mwendawazimu wala hakurogwa. Mishipa ya fahamu na ubongo bado hupelekeana habari za kiungo kilichopotea. Mpelekeni kwa daktari. Dawa zipo, na mazoezi pia.

Kigutu kioshwe kila jioni kwa maji na sabuni isiyo kali, kikaushwe vizuri, na kitazamwe kwa kioo kama kina lengelenge au wekundu. Soksi yake ifuliwe kila siku. Penye kidonda, mguu wa bandia usivaliwe mpaka kimepona.

Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku, asitembee pekupeku, na kidonda kidogo kisidharauliwe. Miguu mingi hukatwa kwa sababu ya kidonda kilichoanza kama mchubuko wa kiatu.

Mtoto akikatika kidole, msipake majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa, kwani huko ndiko pepopunda inakotoka. Oshani kidonda kwa maji safi, kigandamizeni kwa kitambaa safi, inueni mkono juu, mwende hospitali upesi. Kipande kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe juu ya maji yenye barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Daktari ndiye atakayeamua kama kitashonwa au kidonda kitaachwa kiote chenyewe.

Jibu kwa mtoto

Sasa baba wa Nsambya, au wa kambi nyingine yoyote, ana la kumjibu mwanawe anayemtazama mjusi ukutani. Hana haja ya kumkemea, wala ya kumdanganya. Anaweza kumwambia kwamba mguu wake hautaota kesho wala mwaka ujao, na kwamba kovu lililouzuia usiote ndilo lililomrudisha nyumbani akiwa hai. Anaweza kumwambia pia kwamba wapo watu wanaochunguza salamanda, chura na panya wa Kenya usiku na mchana, na kwamba kazi hiyo yahitaji vijana waliosoma hesabu, elimu ya viumbe na kemia kwa bidii.

Kisha avae mguu wake wa bandia, amshike mtoto mkono, na kumsindikiza shule. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.